Shamba la Mama Lililolipia Msitu

Mpaka leo nikiuona ule mfuko mdogo mweusi wa plastiki wa kuoteshea miche, natema mate. Mfuko wenyewe haujanikosea kitu. Lakini siku mifuko hiyo, ikiwa na miche yake, ilipoteremshwa kwetu kutoka kwenye lori, mingi mpaka ikafunika uwanja wa kanisa, wanawake wa kilima chetu walipiga vigelegele, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mama yangu. Nikivikumbuka vigelegele vile, nasikia kinyaa.

Kwetu ni juu kidogo ya Nyamitaba, katika Masisi, mashariki mwa Kongo. Ukisimama mlangoni petu unaona, upande mmoja, malisho ya ng'ombe yaliyozungushiwa ua na tajiri mmoja anayeishi mjini, ambaye sijawahi kumwona hata kisogo. Upande wa pili, chini, unaona bonde. Zamani lilikuwa kinamasi. Bibi zetu walichimba mifereji, wakatoa maji, na tangu hapo kila kiangazi, milima ikikauka, bondeni mlikuwa na maharagwe. Mama alikuwa na kipande chake humo, alichopewa na baba mkwe wake alipoolewa. Baba alipofariki, kipande kile ndicho kilichotulisha, tena ndicho kilichonisomesha hadi nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Na kwa kuwa mshahara wa mwalimu huku kwetu huja pale unapokumbuka njia, hata baada ya kuanza kufundisha niliendelea kula bonde la mama.

Hofu yetu haikuwa vita peke yake. Vita vilikuja vikaondoka, lakini ua wa tajiri ulikuwa ukija tu. Kila tuliporudi kutoka kukimbia, tulikuta nguzo zake zimeteremka kidogo kuelekea bondeni. Mama hakuwa na karatasi ya shamba, wala hakuna mwanamke wa bondeni aliyekuwa nayo. Alichokuwa nacho ni jembe, na majirani waliojua kwamba pale ni pake. Usiku na mchana alikuwa akiwaza jambo moja, kwamba siku moja atateremka na jembe lake akute nguzo zimemfungia nje.

Kampuni ya madini ilikuja wakati vita vilikuwa vimekaa chini kupumua. Mtu wake alikuwa agronomu, mtaalamu wa kilimo, kijana wa Goma wa umri wangu, mpole, mwenye buti za mpira za kijani na kofia pana. Alitukusanya kanisani akatueleza bila haraka. Huko Walikale, mbele kabisa ya machimbo ya Bisie, kampuni ilikuwa inafungua machimbo mapya. Ili ifike huko lazima ikate msitu, wa barabara na wa kambi. Sasa, wenye mali walioikopesha kampuni hawataki kusikia kwamba wanyama na ndege wamekosa makao kwa ajili yao. Kwa hiyo kampuni ikiharibu huku, lazima iponye kwingine. Inatafuta ardhi iliyochoka, inairudishia maji na miti yake ya asili, viumbe wakirudi wanapimwa, na kila kipimo wanakiita unité. Zikitosha unité, msitu uliokatwa unahesabika kama haukukatwa.

Alieleza vizuri, na hakudanganya. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hunitafutia mwongo, wapate wa kumlaani. Mwongo hakuwepo. Kilichokuwepo ni kitu kibaya kuliko uongo: hesabu iliyokaa sawasawa, na mama yangu ndani yake. Bonde lililotulisha sisi na bibi zetu liliitwa, mbele ya macho yetu, ardhi iliyoharibika. Nilihisi kama mtu amenitemea mate kwenye sahani nikiwa bado ninakula.

Nikanyanyuka nikauliza, "Na maharagwe?"

"Madame, ndani ya sehemu yenye tutafunga, hakutalimwa tena," akajibu. "Lakini kazi ya kupanda miti itakuwa ya wenyeji, na tutawapa mbegu nzuri ya kulima kule juu."

Nilikuwa sijamaliza kufungua mdomo mara ya pili mama akanifinya paja. Alinifinya kweli, kama alivyonifinya nilipokuwa mdogo nikicheka kwenye maombi. Nikakaa. Wanawake wengine wakapiga makofi, agronomu akatabasamu, na mkutano ukaishia hapo.

Njiani nilikuwa nimefura kwa hasira. Mama alikuwa anatembea mbele yangu, mwepesi, kama msichana.

"Wewe uko mwalimu, lakini mambo ya shamba haujue," akaniambia. "Umesikia wanasema tupande nini?"

"Miti."

"Na nani atapanda?"

"Sisi."

"Sasa njo unauliza maharagwe?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na asiye wa kwetu lazima nimweleze. Masisi, kulima mahali hakukufanyi kuwa mwenyewe. Unaweza kulima maharagwe kwenye kipande cha mtu miaka yote ya maisha yako, ukafia hapo, na bado ukawa mgeni. Kinachosema kwamba mahali ni pako ni mti. Aliyepangishwa shamba anaruhusiwa maharagwe, mahindi, hata muhogo, lakini akithubutu kuchomeka mche wa avoka, kabla jua halijapanda vizuri watu wa mwenye malisho watakuwa wamefika kuung'oa. Wanaung'oa kwa sababu mti unasema: mimi sihami. Wanawake wa bondeni hawakuwahi kuthubutu kupanda miti karibu na ule ua. Na sasa kampuni kubwa, yenye magari na askari wa kulinda, ilikuwa inawaomba, inawabembeleza, waipande kwa mikono yao wenyewe. Yale ya kutolima tena waliyasikia vizuri. Waliyachukulia kama masharti mengine yote ya mashirika yaliyopita kwetu miaka ya vita: unayaitikia, gari linaondoka, unaendelea na maisha. Mti, kwa upande mwingine, ungebaki.

Siku ya kupanda walikuja na vitenge vya Jumapili. Walipanda wakiimba. Mama alichagua mwenyewe sehemu yake, palepale kwenye kipande chake, akamwondoa kwa kiwiko jirani aliyekaribia mpaka. Kisha, bila kuulizwa, kila mmoja akatoa chini ya kitenge miche aliyokuja nayo kutoka nyumbani, avoka, mikaratusi, matawi ya mti wa muvumu, akaizungusha mpakani mwa kipande chake. Agronomu alikuwa anazunguka na simu sikioni, sauti inamtetemeka kwa furaha, akimwambia mkubwa wake mjini kwamba hajawahi kuona watu wanaopenda viumbe namna hii. Alikuwa ameonywa kwamba watu wa Masisi ni wagumu, na sasa hawa hapa wanaimba. Kila upande ulirudi nyumbani ukijua kwamba umeshinda. Kila mwanamke akarudi na kipande cha sabuni na pakiti ya chumvi, na mama akasema kwamba kampuni hii ina adabu, imetuaga vizuri, kama mgeni anayemwachia mwenyeji zawadi ya kwaheri.

Wiki iliyofuata wafanyakazi wa mradi walipita bondeni wakang'oa avoka zote na mikaratusi yote. Si ya asili ya kinamasi, wakasema. Mama alinuna kidogo, lakini miche ya kampuni aliyoipanda ilibaki, na hiyo ilimtosha. Kila jioni alishuka kuipalilia, na kwa kuwa udongo ulikuwa wazi katikati yake, akapanda maharagwe. Majirani wakamfuata. Nilikuwa na shaka, lakini maharagwe yalipotoa maua na hakuna aliyekuja kusema lolote, hata mimi nikaanza kuamini kwamba mama ana akili kunishinda.

Kisha watu wa mradi wakaziba mifereji. Walishindilia mifuko ya mchanga kule chini bonde linapotokea, na maji yakaanza kurudi. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda polepole, yakaingia matutani, yakasimama. Mama aliingia humo na kitenge amekikunja magotini, akawa anainua mashina ya maharagwe moja moja, anayashindilia udongo, na udongo unayeyuka. Baada ya siku chache bonde likaanza kunuka. Ni wachache wanaoijua harufu ya maharagwe yanayooza ndani ya maji yakiwa bado na maua. Inaingia kwenye nguo, inaingia kwenye ugali. Nilifundisha watoto kujumlisha huku naisikia puani, na mara mbili nilitoka nje ya darasa nikatapika.

Agronomu alikuja na buti zake, akasimama ukingoni, akasikiliza. Vyura walikuwa wanalia.

"Unasikia, Mama?" akamwambia. "Wamerudi."

Mama alimjibu kutoka ndani ya maji. "Papa, vyura hawakutokaka hapa hata siku moja. Walikuwa wanaimba na sisi tunalima. Fungua maji yako, miti yangu itakufa."

Agronomu akacheka, akidhani ni utani. "Miti haitakufa, iko ya marais, ya kinamasi. Na tena, Mama, haiko miti yako. Iko ya mradi."

Mama naye akacheka. Kweli, alicheka, na majirani wakacheka, kwa sababu kwetu ilikuwa sawa na kumwambia mtu kwamba pua iliyo usoni pake si yake. Walicheka mpaka walipoona yule kijana hacheki tena.

Tukaenda, agronomu akiwemo, kwa chefu, mkuu wa kilima chetu. Alitupokea nje ya nyumba yake, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba naye alikuwa na buti za mpira za kijani. Mama alisimama akasema maneno machache tu: miti imepandwa na mikono yangu, kwenye kipande nilichopewa na baba ya bwana yangu, na watu wote waliona. Chefu akawauliza watu kama ni kweli. Wakasema ni kweli. Akamwuliza agronomu, na agronomu akasema ni kweli kabisa, alipanda, tena alipanda vizuri kuliko wote. Nilimwona mama akivuta pumzi ndefu.

Chefu akajikohoza. "Na siku ya kupanda, walikupa kitu?"

"Sabuni na chumvi," mama akasema. "Walituaga."

"Walikuaga ao walikulipa?"

Agronomu, ambaye hakujua chochote kuhusu desturi zetu, wala hakujua kisu kiko mkononi mwa nani, akasaidia kwa moyo mweupe. "Ilikuwa malipo ya kazi," akasema. "Hatuwezi kutumikisha watu bure."

Basi ikawa imekwisha. Kwetu anayepanda mti kwa malipo ni kibarua, na mti wa kibarua ni wa aliyemlipa. Kila mtu pale alilijua hilo, mama akiwa wa kwanza. Angejua kwamba ile ni malipo, angeitupa ile chumvi mtoni. Chefu alilijua pia tangu siku ile ya kupanda, alipokuwa amesimama kando akitazama wanawake wanapokea pakiti zao, na hakusema neno. Desturi iliyokuwa imemlinda mama kichwani mwake ndiyo iliyomnyang'anya shamba, kwa mdomo wa mtu aliyevaa buti za kampuni. Nilimchukia chefu kwa namna ambayo sikuwahi kuwachukia hata wenye bunduki. Wenye bunduki wakikunyang'anya mbuzi hawakuulizi kwanza kama ulishukuru.

Kuanzia hapo walinzi waliwekwa bondeni, na aliyeteremka na jembe alirudishwa. Mama alilima kule juu, kwenye mawe, na mbegu nzuri ya kampuni. Ilikuwa nzuri kweli, isipokuwa ilitaka udongo.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Butembo mwenye duka sokoni Nyamitaba, Mkatoliki mwenye rozari imening'inia mbele ya usukani. Lori lake ndilo lililoleta ile miche, na lilikuwa linapeleka bidhaa hadi Walikale. Siku moja mama alipokuwa dukani kwake, akamwambia, "Mama, ule musitu mwenye mulikuwa munajificha wakati ya vita ya kwanza, minapitaka pale sasa na gari. Hata mbingu inaonekana."

Nilikuwepo. Nilimwona mama akiweka chini chupa ya mafuta aliyokuwa ameshika. Nilipokuwa mtoto tulikimbilia huko, tukakaa miezi kando ya mto mdogo ambao jua halikuwahi kuufikia. Wanawake wa Walikale walimfundisha mama kuchuma mboga ya fumbwa na kutofautisha uyoga wa kula na wa kuua. Hatukufa njaa. Alikuwa akisema mara kwa mara kwamba Mungu alituwekea nyumba mbili, bonde wakati wa amani na ule msitu wakati wa vita.

"Kumbe njo ule?" akauliza.

"Njo ule, Mama. Njo kwenye wanapitisha barabara."

Mama akanigeukia. "Basi walikula ule," akasema, "na sasa wanapangusa mikono kwa shamba yangu." Akalipia mafuta, tukatoka. Sijasikia tangu hapo mtu akilieleza jambo lile vizuri zaidi, na nimewasikia wengi waliosoma wakijaribu.

Vita vilinyanyuka tena kabla miti haijafika kiunoni. Tulisikia milio asubuhi, na mchana tulikuwa juu ya lori la yule mfanyabiashara, tumekalia magunia yake. Tulipita Sake, tukapita askari wa kambi ya Mubambiro, tukateremshwa penye kambi ya wakimbizi upande wa Goma, juu ya mawe meusi ya volkano. Pale hata mwenye jembe la dhahabu hawezi kupanda punje. Tulijenga kibanda cha miti na majani, na mvua ikatuonyesha mara moja kwamba si kibanda.

Kila aliyefika kutoka milima yetu, mama alimfuata na swali moja tu. Hakuuliza kama nyumba yetu imechomwa. Aliuliza, "Bonde iko namna gani?" Wengi walimjibu kwamba hawakuangalia, walikuwa wanakimbia. Alikuwa ameingiwa na wazo kwamba kwa kuwa kampuni nayo imekimbia, na walinzi wamekimbia, basi maji yatatafuta njia yake, na siku tukirudi atachimba mifereji upya kama bibi zake. Alilisema kila asubuhi, akiwa anapuliza moto. Ndilo lililokuwa linamwamsha.

Ndipo siku moja agronomu akaja. Alikuja na gari lililojaa maturubai ya kampuni, msaada kwa wenyeji wa eneo la mradi. Alikuwa amekonda. Alipomwona mama alimkumbatia kwa furaha ya kweli, na mama akamkumbatia, kwa sababu hata yeye alikuwa mtu aliyepajua nyumbani.

"Mama, niko na habari nzuri," akasema, akatoa simu. "Hatuwezi kufika, lakini picha inapigwa toka juu mbinguni. Angalia. Bonde imepona! Tangu watu watoke kule, imepona mbio kuliko vile tulifikiria. Korongo wako mule, matete, yote. Unité zote za kampuni zilishatimia."

Kwenye kioo kulikuwa na kijani kitupu. Mama aliishika ile simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso.

"Shamba yangu iko wapi hapa?"

Agronomu akaweka kidole mahali, akakihamisha, akakihamisha tena. "Iko mule ndani," akasema.

"Na nyumba zetu?"

"Nyumba hazionekane. Majani imefunika yote."

Nilitaka kumpiga kofi. Nasema ukweli, mkono ulinyanyuka. Watu walikuwa wanaharisha nyuma ya mgongo wake, watoto wamelala kwenye tope, naye amesimama katikati yetu akitupongeza kwa kuondoka. Sikuwahi kuona uchafu kama ule, na wakati huo nilikuwa naishi penye choo kimoja cha mtaa mzima. Mama akanishika mkono, akauteremsha, akamrudishia kijana simu yake.

"Siku tutarudi," akamwuliza kwa upole, "tukilima kidogo, tukikata kuni ya kupika, ile hesabu itakuwa namna gani?"

"Itashuka, Mama."

"Na kampuni itasikia vibaya?"

"Italazimika kutafuta ingine bonde."

Mama akapokea turubai letu kwa mikono miwili, akamshukuru. Kisha akamwuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua bei ya kitu sokoni, "Kwa hiyo vita ikiisha, nyinyi mutapata hasara?"

Agronomu aliinamisha kichwa, akasema ndiyo. Mvua ilikuwa imeanza. Tukapanda juu ya kibanda, mimi upande huu na mama upande ule, tukafunga turubai.